Taratibu za Uuguzi Wodini: Zimepimwa kwa Kiasi Gani?

Mtu akitoka Soko la Kariakoo na kuufuata Mtaa wa Msimbazi kuelekea kaskazini, hufika Fire. Hapo akiivuka Barabara ya Morogoro na kuishika ile ya Umoja wa Mataifa, hachukui muda mrefu kwa miguu kabla ya kufika Upanga, ilipo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Njia hii huijua vema wakazi wa Kariakoo, Gerezani na Jangwani, kwani ndiyo waifuatayo wakiwa wamebeba chupa za chai na vyombo vya uji kuwapelekea jamaa zao waliolazwa. Wakifika wodini huzikuta amri: saa hii ingieni, saa ile tokeni, mtoto huyu abebwe, yule asiguswe, huyu aongezwe maji ya dripu, yule anyweshwe kwa kikombe. Huzitii amri hizo, na ni vema wazitii. Lakini ni wachache wanaojiuliza amri zenyewe zimetoka wapi, na ni nani aliyezipima akaona kwamba zinamfaa mgonjwa.

Makala hii inakusudia kulichunguza swali hilo. Kila hospitali ina taratibu za uuguzi, nyingine zimeandikwa katika miongozo, nyingine zimerithiwa tu kwa mdomo, muuguzi mkongwe akimwelekeza mwanafunzi wake kama alivyoelekezwa yeye. Hatutaweza kuzipitia zote. Tutachagua chache ambazo zimepimwa katika nchi zetu wenyewe za Afrika ya Mashariki, na baadhi katika jiji hili la Dar es Salaam, ili msomaji aone jinsi ushahidi unavyopatikana na jinsi ambavyo mara nyingine huipindua kabisa sera iliyokuwa ikiaminiwa na kila mtu.

Mtoto njiti na kifua cha mama

Tuanze na mtoto azaliwaye kabla ya wakati wake, ambaye watu humwita njiti. Mtoto huyu ana matatizo mengi, na mojawapo ni baridi. Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kwamba chai iliyo katika kikombe kidogo hupoa upesi kuliko ile iliyobaki katika birika, maana kitu kidogo kina eneo kubwa la nje kikilinganishwa na ujazo wake. Ndivyo alivyo njiti: mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, na chini ya ngozi hamna mafuta ya kuzuia joto lisitoke. Asipopashwa joto, nguvu zote alizonazo huishia katika kupambana na baridi.

Njia iliyozoeleka hospitalini ni kumweka katika chombo chenye joto, yaani inkubeta. Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá huko Kolombia, daktari Edgar Rey alikabiliwa na upungufu wa vyombo hivyo. Watoto wawili au watatu walikuwa wakilazwa katika chombo kimoja na kuambukizana maradhi. Aliwashauri akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefungwa kwa nguo, usiku na mchana. Njia hiyo ikapewa jina la kangaruu, yule mnyama wa Australia anayemlea mwanawe mfukoni. Mama wa Kiafrika aliyezoea kumfunga mtoto kwa kanga hakuona ajabu kubwa katika jambo hilo, ila tofauti ya kwamba mtoto hukaa mbele badala ya mgongoni.

Njia ya kangaruu ilienea duniani, lakini ikiwa na sharti moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ulisema kwamba mtoto mwenye uzito usiozidi kilo 2 apewe matunzo hayo mara hali yake inapokuwa imetulia. Kabla ya hapo atunzwe katika chumba maalumu, mbali na mama yake. Sharti hilo lilionekana la busara: mtoto mnyonge anahitaji mashine, dawa na macho ya wataalamu, mama atafika baadaye. Hata hivyo lilikuwa na tatizo lililofichika. Sehemu kubwa ya vifo vya njiti hutokea katika siku chache za mwanzo, kabla hali haijatulia. Kwa hiyo wale waliokuwa katika hatari kubwa kuliko wote ndio walionyimwa kifua cha mama. Je, walinyimwa kwa ushahidi au kwa dhana tu?

Swali hilo lilipimwa katika hospitali 5 za nchi 5: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Hapa kwetu utafiti ulifanyika Dar es Salaam, chini ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa mwaka 2020 waliandikishwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kwa kura, watoto waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza waliwekwa kifuani mwa mama, au mwanamke mwingine aliyechaguliwa na mama, mara tu baada ya kuzaliwa, huku wakiendelea kupewa dawa na vipimo vyote palepale kitandani kwa mama. Kundi la pili walitunzwa kwa utaratibu wa zamani, wakaanza kangaruu baada ya hali kutulia. Kwa wastani wa kati, kundi la kwanza walianza baada ya saa 1.3, na la pili baada ya saa 53.6.

Katika siku 28 za kwanza, kundi la kifuani walikufa watoto 191 kati ya 1,596 waliofuatiliwa, yaani asilimia 12.0. Kundi la pili walikufa 249 kati ya 1,587, yaani asilimia 15.7. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi hii: ikiwa tofauti ni vifo 3.7 kwa kila watoto 100, ni watoto wangapi hawana budi kupewa matunzo hayo mapema ili kuokoa maisha ya mmoja zaidi? Jibu ni 27 hivi. Katika wodi kubwa ya jiji kubwa, watoto 27 wa uzito huo si wa kungojewa kwa muda mrefu.

Jopo lililokuwa likisimamia usalama wa utafiti lilipoiona tofauti hiyo lilishauri uandikishaji usimamishwe kabla ya idadi iliyopangwa kutimia, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima nusu ya watoto kitu kilichoonekana dhahiri kuwafaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake: matunzo ya kangaruu yaanze mapema iwezekanavyo, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, aliye katika mshtuko au anayehitaji mashine ya kupumulia.

Gunia la viazi

Msomaji anaweza kuuliza: kura ya nini? Kwa nini watafiti wasiende tu wodini, wakahesabu watoto waliobebwa kifuani na wale ambao hawakubebwa, kisha wakalinganisha vifo?

Twende tena Kariakoo. Mnunuzi asiye mzoefu hulitazama gunia la viazi juu tu, akaona viazi vinono, akalipa. Akifika nyumbani na kulimwaga, anakuta chini vimejaa vidogo na vilivyooza. Viazi vya juu havikufika juu kwa bahati. Vimechaguliwa na muuzaji. Hali kadhalika, chini ya utaratibu wa zamani, watoto waliobebwa kifuani hawakuwa wamefika pale kwa bahati. Walikuwa ni wale ambao hali zao zilitulia, yaani wale ambao tayari walikuwa wameponyoka na kifo. Ukiwalinganisha na wenzao lazima utaona wamepona wengi zaidi, hata kama kifua cha mama hakina faida yoyote! Kura humnyang'anya muuzaji nafasi ya kupanga gunia. Mnene na mwembamba, wa mama tajiri na wa mama fukara, aliyezaliwa usiku na aliyezaliwa mchana, wote hutawanywa katika makundi mawili bila upendeleo, na tofauti itakayoonekana mwishoni hubaki na sababu mbili tu za kutiliwa maanani: matunzo yenyewe, au bahati. Bahati nayo hupungua nguvu kadiri idadi ya watoto inavyoongezeka, kama vile sarafu iliyorushwa mara 10 inavyoweza kuangukia upande mmoja mara 8, ambapo ni vigumu mno sarafu halali iliyorushwa mara 1,000 iangukie upande huo mara 800.

Haina maana kwamba ushahidi wa kura hauna dosari. Katika utafiti huu wa njiti, mama alilazwa ndani ya chumba kilekile cha watoto mahututi, jambo ambalo halikuwapo kabla. Huenda sehemu ya faida ilitokana na macho ya mama yasiyolala, au na mikono michache zaidi kumgusa mtoto, kwani hata maambukizo ya damu yalishukiwa kwa watoto wachache zaidi katika kundi hilo. Tena, utafiti mwingine uliofanywa baadaye katika hospitali 5 za Uganda, na matokeo yake kutolewa mwaka 2024, haukuonyesha tofauti ya vifo katika siku 7 za kwanza kati ya watoto walioanza kangaruu kabla ya kutulia na wale walioanza baadaye. Idadi ya watoto wa Uganda ilikuwa ndogo zaidi, na muda uliopimwa ni mfupi zaidi. Kwa maoni ya mwandishi, uzito wa ushahidi bado umelemea upande wa kuanza mapema. Lakini ingekuwa si kweli kusema kwamba jambo limekwisha kabisa.

Maji yaliyodhuru

Mfano wa pili ni wa kusikitisha, lakini hauna budi kuelezwa.

Mtoto mwenye homa kali akifikishwa hospitalini mikono na miguu ikiwa ya baridi, mapigo ya moyo yakienda mbio na damu ikirejea polepole katika ukucha uliobonyezwa, husemwa kwamba damu haizunguki vema mwilini. Kwa miaka mingi sera ilikuwa moja: mtoto huyo apewe maji mengi ya chumvi kwa dripu, upesi, katika muda wa saa moja au pungufu. Ndivyo ilivyofanywa katika nchi tajiri, na vitabu viliagiza hivyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na mwanafunzi yeyote: mabomba yamepungukiwa maji, basi yajazwe. Wauguzi wengi walifundishwa kwamba kuchelewa kufungua dripu ni kosa kubwa.

Kati ya mwaka 2009 na 2011, sera hiyo ilipimwa katika hospitali 6: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule, Muheza, hapa Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji mengi kwa haraka, moja ya chumvi na jingine ya albumini, ambayo ni protini ya damu. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka, bali lilipewa kiasi cha kawaida cha polepole pamoja na dawa nyingine zote. Watafiti walitarajia, kama alivyotarajia kila mtu, kwamba maji yangeokoa maisha.

Baada ya saa 48 walikuwa wamekufa watoto 10.6 kwa kila 100 katika kundi la albumini, 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na 7.3 tu katika kundi ambalo halikupewa maji ya haraka. Utafiti ulisimamishwa mara moja. Kwa maneno mengine, kwa kila watoto 100 waliotendewa kama vitabu vilivyoagiza, walikufa 3 zaidi kuliko ambavyo wangekufa. Inatupasa kuitafakari hesabu hiyo pasipo kumtafuta wa kumlaumu: madaktari na wauguzi waliofungua dripu hizo miaka yote iliyotangulia walikuwa wakifanya kwa nia njema yale waliyofundishwa. Wala jicho la mtu mmoja lisingeweza kuiona hasara hiyo. Muuguzi anayewahudumia watoto 100 wa namna hiyo huzika 10. Asingejua kwamba ilipasa wawe 7.

Kwa nini maji yalidhuru? Uchunguzi wa baadaye uliashiria kwamba wengi hawakufa kwa kujaa maji mapafuni, kama ilivyodhaniwa kwanza, bali moyo na mzunguko wa damu vilidhoofika na kuanguka. Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Utafiti huo haukuwahusu watoto waliokaukiwa na maji kwa sababu ya kuharisha, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto anayeharisha anapoteza maji kweli, na kumrudishia maji na chumvi ni kumwokoa. Matokeo ya utafiti ni kama ramani: ni sahihi ndani ya mipaka iliyochorwa, na anayeitumia nje ya mipaka hiyo anajipoteza mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo iliyorekebishwa ya huduma za dharura kwa watoto mwaka 2016, yaani miaka 5 baada ya matokeo kuchapishwa. Miaka 5 ni mingi.

Kitovu cha Pemba na sindano ya chanjo

Suala la mipaka linadhihirika zaidi katika habari ya kitovu. Tafiti zilizofanywa Nepal, Bangladesh na Pakistan zilionyesha kwamba kupaka kitovu cha mtoto mchanga dawa ya klorheksidini kulipunguza vifo. Ilionekana kuwa dawa rahisi ingeokoa watoto wengi ikienezwa kote. Lakini Pemba ilipimwa upya, kuanzia mwaka 2011 hadi 2014, kwa watoto 36,911, nusu wakipakwa dawa na nusu kitovu chao kikiachwa kikavu na safi. Vifo vilikuwa 10.5 kwa kila 1,000 waliopakwa na 11.7 kwa kila 1,000 wasiopakwa. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake ingeweza kuileta. Zambia nako hakukuonekana faida. Yamkini sababu ni kwamba katika vijiji vile vya Asia, vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi zaidi na wengi wao walizaliwa nyumbani. Adui aliyepigwa na dawa ile kule hakuwa na nguvu kama hizo huku. Kwa mtoto anayezaliwa hospitalini, kitovu kikavu na kisafi kinatosha. Wale akina bibi wanaokumbuka chupa ya spiriti iliyokuwa ikitumiwa kwa kazi hiyo wanaweza kuachana nayo.

Jambo dogo zaidi, ambalo huenda msomaji amelipata mwilini mwake, ni sindano ya chanjo. Kwa miaka mingi wauguzi walifundishwa kuvuta pistoni nyuma kidogo baada ya kuchoma, ili kutazama kama damu inaingia katika bomba la sindano, ndipo wasukume dawa. Katika sehemu zinazochomwa chanjo, yaani bega na paja, hakuna mshipa mkubwa wa damu wa kuogopewa, na kuvuta huko humwongezea mtoto maumivu kwa kuwa sindano hukaa ndani muda mrefu zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa desturi hiyo iachwe kwa chanjo za msuli. Hapa ushahidi haukuhitaji maelfu ya watoto. Umbile la mwili na majaribio machache juu ya maumivu yalitosha.

Na hiyo ndiyo haki ya kusemwa kuhusu taratibu nyingine nyingi. Hakuna mtu atakayepiga kura wagonjwa wapi waoneshwe majina yao kabla ya kuongezwa damu na wapi wasioneshwe. Kosa la kumpa mtu damu ya mwenzake linajulikana vizuri. Tena wako waliopata ushahidi wakakosa maelezo: mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi, na vifo katika wodi yake, ambavyo mwezi Aprili vilikuwa vimezidi 18 kwa kila wazazi 100, vikashuka hadi 2 hivi mwezi Juni. Hakuweza kueleza sababu, maana elimu ya vijidudu ilikuwa haijakamilika, na wengi wakamkataa.

Karatasi iliyojazwa nusu

Tumezungumzia sera zilizopimwa. Iko hali nyingine, ambayo katika jiji letu ni nzito zaidi: sera iko, imeandikwa, imebandikwa ukutani, lakini haitekelezwi.

Mkunga anayemwangalia mama mwenye uchungu hutakiwa kujaza patografu, karatasi ya mistari inayoonyesha jinsi njia ya uzazi inavyofunguka, mapigo ya moyo wa mtoto, na hali ya mama. Mstari wake wa tahadhari ulibuniwa na madaktari Philpott na Castle katika kazi waliyoifanya Harare na kuichapisha mwaka 1972, nao unatarajia njia ifunguke sentimita 1 kila saa. Ni moja ya vifaa vya uzazi vilivyozaliwa Afrika na kuenea dunia nzima. (Kwa bahati mbaya ushahidi wa baadaye umeonyesha kuwa wanawake wengi huenda polepole kuliko hivyo na kujifungua salama, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikiri kwamba mstari huo usitumiwe kuwa kipimo cha kuingilia kati.)

Mwaka 2008 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza patografu 367 kutoka vituo vya uzazi vya Dar es Salaam. Nusu yake hazikuwa na kumbukumbu ya muda wa uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto yaliandikwa katika asilimia 94 ya karatasi, lakini katika asilimia 91 ya hizo yalihesabiwa kuwa hayakupimwa kwa kiwango kinachotakiwa. Mtu anaweza kukimbilia kusema kwamba wakunga ni wavivu. Mwandishi hakubaliani naye. Sera inayoagiza moyo wa mtoto usikilizwe kila baada ya nusu saa inamdhania mkunga mwenye wazazi wawili watatu. Ukimpa wazazi wanane, na wawili kati yao wanajifungua kwa wakati mmoja, karatasi haijazwi, au hujazwa baadaye kwa kukisia. Ushahidi uliotumiwa kuandika sera haukuipima hali hiyo.

Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ya Zanzibar, ambayo msomaji wa Dar es Salaam asiichanganye na Mnazi Mmoja yetu ya jirani na Kariakoo, njia tofauti ilijaribiwa kuanzia mwaka 2014. Watafiti walikaa na wakunga na madaktari wa hapohapo, wakauandika upya mwongozo wa kimataifa uwe mfupi, unaowezekana kwa idadi ya watu na vifaa vilivyopo, wa kutia mfukoni. Kisha kila baada ya miezi 3 hufanyika semina fupi ya hiari baada ya saa za kazi. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Msomaji aliyelielewa gunia letu la viazi atauliza mara moja: palikuwa na kundi la kulinganisha? Halikuwapo. Ni ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, na mambo mengine huenda yalibadilika pia. Katika miaka ya mwanzo ya 2020 kazi hiyo ilipelekwa Dar es Salaam, katika hospitali 5 zenye wazazi wengi, ili ijaribiwe kwa mapana zaidi.

Dosari hiyohiyo ya kabla na baada imo katika habari ya kuwasaidia watoto wanaozaliwa bila kupumua. Hospitali 8 za Tanzania zilipowafundisha wakunga kumkausha mtoto, kumsisimua na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto hai 1,000. Hesabu ilihusu watoto 8,124 kabla ya mafunzo na 78,500 baadaye. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yanatia moyo sana. Lakini mwaka huohuo, kutoka Haydom mkoani Manyara, ilitolewa habari inayofaa kusomwa na kila mwalimu. Wakunga walipewa kozi ya siku moja. Walipopimwa kwa mwanasesere baada ya miezi kadhaa walifanya vizuri kuliko awali. Walipotazamwa wakiwahudumia watoto wa kweli chumbani, hakuna kilichokuwa kimebadilika. Mtihani walifaulu, kazi ikabaki ileile.

Ndipo Haydom wakauweka mwanasesere karibu na chumba cha kuzalishia, na mazoezi yakafanywa kwa dakika chache, mara kwa mara, katikati ya kazi. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Mfuko ni uleule, barakoa ni ileile, na maneno ya mwongozo hayakubadilishwa hata moja.